Kipimo cha Thomas-Kilmann mikononi mwa meneja wa mradi: kinafaa wapi, kinakwama wapi

Ukinunua kipimo cha Thomas-Kilmann, dodoso la mwenendo wa watu kwenye migogoro, ukitarajia kikuoneshe nani mkorofi katika timu yako, utavunjika moyo. Hakina kazi hiyo. Kinachofanya ni kumwonesha kila mtu, wewe meneja ukiwa wa kwanza, anakimbilia wapi pale anachotaka yeye kinapogongana na anachotaka mwenzake. Hilo peke yake linakiweka mbele ya vifaa vingi vinavyouzwa kwa mameneja wanaosumbuliwa na watu wagumu, kwa sababu wengi tunaowaita wagumu kazini ni wagumu mbele ya mtu fulani tu. Mhandisi anayemchosha meneja mmoja hadi kuomba ahamishwe anafanya kazi vizuri kabisa chini ya meneja mwingine. Ukitaka kujua kwa nini, usimchunguze mhandisi peke yake. Chunguza wanavyojibizana wote wawili.

Kipimo kilitungwa na Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, kikatoka mwaka 1974. Leo mchapishaji wake ni The Myers-Briggs Company, kampuni ileile inayouza MBTI, na ndiyo maana watu huvichanganya vipimo hivi viwili. MBTI inazungumzia aina za watu. Hiki kinazungumzia mwenendo wa mtu ndani ya mvutano, na mwenendo unaweza kuubadilisha kuanzia kikao cha kesho.

Msingi wake ni maswali mawili: mtu anapigania lake kwa kiasi gani, na anajali la mwenzake kwa kiasi gani. Hapo zinazaliwa njia tano. Anayepigania lake bila kuangalia la mwenzake anashindana. Anayeliacha lake ili la mwenzake lipite anakubali yaishe. Asiyeshughulika na lake wala la mwenzake anakwepa. Anayetaka yote mawili yatimie anashirikiana. Katikati yapo maridhiano, ambapo kila mmoja anaachia kidogo ili apate kidogo. Aliyesoma PMBOK, mwongozo wa usimamizi wa miradi, toleo la 6 la mwaka 2017, atazitambua mara moja, kwani njia tano za kutatua migogoro zilizoorodheshwa humo zinakaribiana sana na hizi.

Jambo la kusifiwa ni kwamba watunzi hawakuipa njia yoyote taji. Kushindana ni sawa pale usalama wa watu uko hatarini na hakuna muda wa kujadiliana. Kukwepa ni sawa pale hasira zimepanda na jambo lenyewe linaweza kusubiri hadi kesho asubuhi. Kukubali yaishe ni sawa ukigundua umekosea, au jambo ni dogo kwako na kubwa kwa mwenzako. Tatizo linaanza pale mtu anapokuwa na njia moja au mbili tu na kuzitumia kila mahali.

Kilivyoundwa

Kuna jozi 30 za sentensi, A na B. Kila sentensi inaeleza tendo la mmoja wa mienendo ile mitano, na unachagua ile inayokukaribia zaidi hata kama zote mbili hazikukai sawasawa. Kujibu huchukua kama dakika 15. Hesabu yake ni nzuri na inafaa kueleweka kabla ya kusoma majibu: njia tano zinatoa michanganyiko 10 ya njia mbili mbili, na kila mchanganyiko unarudi mara tatu. Kwa hiyo kila njia inajitokeza mara 12, alama yake ya juu kabisa ni 12, ya chini ni 0, na jumla ya alama zote tano lazima iwe 30.

Jumla hiyo isiyobadilika ndiyo nguvu ya kipimo na ndiyo udhaifu wake. Nguvu, kwa sababu huwezi kujipa sifa zote. Ukiipandisha njia moja, nyingine inashuka. Udhaifu, kwa sababu alama 9 ya kushirikiana haisemi wewe ni hodari wa kushirikiana, wala haisemi unashirikiana kuliko mwenzako mwenye 6. Inasema tu kwamba ukilazimishwa kuchagua, unachagua kushirikiana mara nyingi kuliko njia zako nyingine. Ustadi haupimwi humu hata kidogo. Mtu anaweza kuchagua kushirikiana mara 10 na bado akawa hajui kumsikiliza mwenzake kwa dakika mbili bila kumkatiza.

Sehemu nyingine iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu ni usawa wa sentensi. Watunzi walijitahidi sentensi mbili za jozi moja zivutie kwa kiasi kinachokaribiana, ili mtu asichague ile inayosikika ya kistaarabu zaidi. Hapa timu nyingi huharibu kipimo bila kujua. Mratibu anaona baadhi ya watu hawaielewi vizuri lugha ya dodoso, anaanza kuwatafsiria kwa mdomo. Neno moja likiwa kali kidogo upande wa A, usawa umekwisha na alama hazina maana tena. Tafuta toleo rasmi la lugha ambayo wajibuji wanaielewa vizuri. Ukilikosa, usikitumie kwa watu hao.

Baada ya alama ghafi unapata nafasi yako ukilinganishwa na kundi la watu waliokwishajibu. Robo ya juu inaitwa juu, nusu ya katikati inaitwa wastani, robo ya chini inaitwa chini. Soma sehemu hii kabla ya kutoa maoni yoyote, kwa kuwa alama ghafi hudanganya. Kwa kawaida watu huchagua maridhiano mara nyingi kuliko kushindana, hivyo 7 ya maridhiano ni ya kawaida tu wakati 7 ya kushindana inaweza kumweka mtu karibu na kundi la juu. Jua pia kwamba kundi la kulinganishia lililotolewa mwaka 2007 lilikuwa la watu 8,000 walioajiriwa Marekani. Timu ya mahali pengine, yenye desturi nyingine za kumpinga mkubwa au kunyamaza mbele yake, isichukue mpaka wa juu na chini kama sheria.

Kusoma majibu ya meneja mwenyewe

Tuchukue mfano. Meneja anapata kushindana 2, kushirikiana 9, maridhiano 7, kukwepa 8, kukubali yaishe 4. Wengi wakiona 9 ya kushirikiana hufurahi na kufunga karatasi. Mimi ningeangalia 2 na 8. Mtu huyu anaanza kila mvutano kwa kuita mjadala. Mjadala ukikwama hana nguvu ya kusimama na kusema "tunakwenda na hili", kwa hiyo anaahirisha.

Sasa mpe mhandisi mkuu mwenye kushindana 10. Kikao cha kwanza kinafanyika, meneja anauliza maoni, mhandisi anasukuma muundo anaoutaka. Wengine wanachoka. Meneja anasema, "Basi, tutalirudia wiki ijayo." Muhtasari wa kikao unaandikwa "limeahirishwa". Mhandisi anatoka mle ndani akiamini hakuna aliyempinga, anaanza kujenga anachotaka. Wiki inayofuata meneja anakuta kazi ya siku nne imeshafanyika, na tangu siku hiyo mhandisi anaitwa mkaidi asiyesikia. Mhandisi naye anamwona meneja kigeugeu. Kila mmoja anasema kweli kwa anavyoona yeye.

Dawa ya meneja huyu iko kwenye sentensi moja ya muhtasari. Badala ya "limeahirishwa", aandike hivi: "Hadi Jumatano saa 10 alasiri anayepinga chaguo B alete hoja kwa maandishi. Isipokuja, tunatekeleza B. Kabla ya hapo hakuna kazi inayoanza kwa chaguo lolote." Uamuzi una tarehe, una njia ya kupingwa, na una jibu litakalosimama hata watu wote wakinyamaza. Meneja mwenye 2 ya kushindana hahitaji kupaza sauti yake. Anahitaji utaratibu unaofunga mjadala kwa niaba yake.

Ndiyo maana ninapendekeza kipimo kijibiwe na meneja peke yake kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya timu. Ajibu, kisha achukue mivutano mitatu ya karibuni katika mradi huohuo na kuandika kwa kila mmoja: alifanya nini katika dakika tano za mwanzo, nani alipata alichotaka, na nani alibeba gharama. Mivutano hiyo ikipingana na alama, aiamini mivutano. Kipimo ni maelezo ya mtu juu yake mwenyewe, na uthabiti wake ni wa wastani. Mtu akijibu tena baada ya miezi michache alama zinaweza kusogea.

Watu wagumu kwa mujibu wa njia tano

Mwenye kushindana sana ndiye anayelalamikiwa kuliko wote, kwa kuwa anasikika. Kosa kubwa mbele yake ni kumwachia jambo dogo hadharani ili anyamaze. Anajifunza kwamba kelele zinalipa, na wanaotazama wanajifunza hivyohivyo. Kutana naye kabla ya kikao, mkiwa wawili, ukiwa na takwimu mkononi. Muulize swali hili moja kwa moja: ni taarifa gani ikipatikana itakufanya ubadili msimamo? Akiwa na jibu, una kazi ya kufanya, katafute taarifa hiyo. Akikosa jibu, mmeshaelewana kwamba ule ni msimamo na si hoja, na uamuzi utatolewa na mwenye mamlaka. Unapompa machaguo mpe mawili, yote yakiwa ni yale ambayo mradi unaweza kuyabeba. Swali lililo wazi kabisa, la aina ya "unaonaje?", linampa uwanja wote.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mkwepaji, kwa sababu hajulikani hadi siku ya kukabidhi kazi. Dalili zake ni hizi: kazi iliyofika asilimia 90 na kukaa hapo wiki tatu, barua pepe yenye maswali manne inayojibiwa mawili yaliyo rahisi, udhuru wa ghafla kila kikao cha ukaguzi kinapofika. Mara nyingi chanzo si uvivu. Amekwishaona kwamba katika timu hii anayeleta habari mbaya anahojiwa kama mshitakiwa, kwa hiyo kunyamaza kuna nafuu.

Ukimuuliza "mmefikia wapi?" atakupa asilimia. Muulize "kimebaki nini, na katika kilichobaki ni kipi hujui utakifanyaje?" Swali hilo linampa ruhusa ya kutojua. Gawa kazi zake ziwe za siku mbili au tatu, na hali ziwe mbili tu, imekwisha au haijaisha. Asilimia ziondoe kabisa kwenye ripoti. Omba maoni yake kwa maandishi saa 24 kabla ya kikao, kwani wengi wa namna hii huandika wasichothubutu kusema. Na siku ya kwanza atakapoleta habari mbaya mapema, mshukuru mbele ya wenzake, halafu muanze kutafuta suluhisho. Suala la nani alisababisha liache kwa siku hiyo. Ukiliuliza muda huohuo, umemfundisha anyamaze tena, na safari hii itakuwa vigumu zaidi kumrudisha.

Wa kukubali yaishe hupendwa, na ndiyo sababu hugunduliwa kwa kuchelewa. Anasema ndiyo kwa mteja, ndiyo kwako, ndiyo kwa timu ya jirani. Hatimaye anazikosa tarehe zote tatu na kuonekana mtu asiyeaminika. Akisema ndiyo, usiipokee hivyohivyo. Muulize ataweka nini pembeni ili hili liingie. Mwandikie kazi zote alizonazo na saa za kila moja. Zikifika 46 katika wiki ya saa 40, karatasi ndiyo itakayosema hapana na yeye atapumua.

Maridhiano yakizidi yanaharibu ratiba kwa njia ya ujanja. Mteja anataka siku 10, timu inasema 20, wote wanapeana mikono kwenye 15. Ile 15 hakuna aliyeihesabu. Haikutoka kwenye kazi, imetoka kwenye adabu. Sheria ya kuweka hapa ni fupi: muda ukipungua, orodha ya kazi ipungue, na kilichotolewa kiandikwe kwa jina katika muhtasari huohuo. Kama hakuna kilichotolewa, basi ni siku 20.

Kushirikiana kukizidi nako kunachosha. Kila jambo linakuwa warsha. Kubalianeni mapema: jambo linaloweza kurudishwa nyuma ndani ya siku moja linaamuliwa na mtu mmoja, na wengine wanaarifiwa.

Amebaki mtu ambaye kipimo hakimgusi kabisa, naye ni mdau mwenye mamlaka anayebadilisha matakwa kila wiki. Njia tano zinachukulia kama vile pande mbili zinakaribiana nguvu, na dodoso haliulizi nani anamlipa nani. Ukimpelekea mdau wa namna hii mazungumzo ya kushindana na kushirikiana unapoteza muda wake. Mpelekee fomu ya maombi ya mabadiliko yenye mistari minne: kinachoongezwa, siku zinazoongezeka, fedha zinazoongezeka, na kinachosubirishwa ili hiki kiingie. Mstari wa nne ujazwe na yeye mwenyewe kabla ya saini. Wengi hulegeza kamba wakiufikia mstari huo, kwa kuwa sasa gharama wanaiona kwa macho yao wenyewe.

Kukiendesha na timu

Dakika 15 za kujibu ni sehemu rahisi. Kazi ni kikao cha kusoma majibu, na kinahitaji saa mbili kwa timu ya watu wanane hadi kumi na wawili. Ukikibana kwenye dakika 45 watu watatoka na majina ya kutaniana tu: fulani papa, fulani kobe. Majina hayo yakishatoka hayarudi, na mtu anayeitwa mkwepaji kwa utani kila asubuhi atazidi kukwepa.

Kabla ya kujibu, kubalianeni juu ya mazingira. Dodoso linamwambia mtu afikirie hali ambazo matakwa yake yanatofautiana na ya mwingine, bila kutaja ni wapi. Mmoja atamfikiria mwenzi wake wa nyumbani, mwingine mteja, mwingine bosi. Watu hawana mwenendo mmoja mbele ya wote hao. Waambie wazi kwamba wafikirie mradi huu na watu wa ngazi yao. Kila mtu ajibu peke yake, bila kiongozi kuzunguka nyuma ya viti.

Majibu ni mali ya aliyejibu. Atakayetaka kuonesha aoneshe, asiyetaka asilazimishwe, na nakala isiingie kwenye faili la utumishi wala kwenye tathmini ya mwaka. Hili si adabu tu. Siku timu itakaposikia kwamba alama za mtu zimetajwa katika kikao cha kupandisha vyeo, mzunguko unaofuata kila mmoja atajibu anachodhani kinatakiwa, na aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya migogoro anajua haraka ni sentensi ipi ya njia ipi.

Katika kikao chenyewe anza wewe meneja. Onesha alama zako, taja mvutano mmoja ambao njia uliyoizoea iligharimu mradi, na sema utafanya nini tofauti. Dakika tano zinatosha. Halafu wagawe watu wawili wawili kwa kufuata kazi zinazokabidhiana: anayeandika programu na anayeijaribu, anayenunua vifaa na anayevipokea. Kila jozi iandike makubaliano mawili tu, ya vitendo. Kwa mfano: "Nikipata hitilafu kubwa nitakupigia simu kabla ya kuiweka kwenye mfumo ambako bosi anaiona." Au: "Nikikujibu 'sawa' bila kutaja tarehe, jua sijakubali, niulize tena." Makubaliano ya namna hii yanaishi. Yale ya "tutaheshimiana na kuwasiliana vizuri" yanakufa kabla ya kikao kwisha, maana hakuna awezaye kusema kama yametimizwa au hayakutimizwa.

Baada ya wiki mbili ziulize jozi kama makubaliano yao yametumika, mara ngapi, na wapi yalishindikana. Bila hatua hii usianze kabisa, fedha na saa za watu zitakuwa zimepotea.

Kisipofaa

Kuna hali ambazo kuleta kipimo hiki ni kumdhulumu mtu. Mfanyakazi anayetukanwa, anayetishwa au anayebughudhiwa hana "tofauti ya mwenendo" na mbabe wake. Kumketisha na mtesi wake walinganishe alama kunafanya kosa la mmoja liwe mzigo wa wawili. Hapo fuata taratibu za nidhamu: tarehe, maneno yaliyosemwa, walioshuhudia, na ofisi inayohusika. Meneja wa mradi asijifanye daktari wa akili pia. Hakuna alama humu inayogundua maradhi yoyote.

Hali ya pili ni ya kawaida zaidi. Ugomvi unaodhaniwa kuwa wa tabia mara nyingi ni wa muundo. Kabla ya kununua chochote, chukua jedwali la RACI la mradi, linaloonesha nani anafanya kazi, nani anawajibika nayo, nani anaulizwa na nani anaarifiwa, au lichore kama halipo, na upitie kila kinachokabidhiwa. Je, kuna mahali watu wawili wote wanadhani wao ndio wa mwisho kuwajibika? Kuna kazi isiyo na mwenyewe? Kuna mtu anayepokea maagizo ya mabosi wawili wanaotofautiana vipaumbele? Watu wapole kabisa wakiwekwa katika nafasi ya namna hiyo watagombana, na wakibadilishwa, watakaokuja watagombana pia. Rekebisha jedwali kwanza, subiri wiki tatu. Ugomvi utakaobaki baada ya hapo ndio wa kupimwa.

Tatu, matoleo ya bure yanayozagaa mtandaoni. Kipimo hiki kina hakimiliki na kinalipiwa kwa kila anayejibu. Yale ya bure ama yamenakiliwa bila ruhusa, ama yametungwa upya bila usawa wa sentensi na bila kundi la kulinganishia. Yanatoa picha nzuri na alama zisizo na uzito wowote. Kama hamna fedha, ni afadhali kuchora mistari miwili ubaoni, kueleza njia tano, na kuwaacha watu wajadili mivutano ya mradi bila alama.

Kikiwekwa karibu na vingine

MBTI, iliyojengwa juu ya mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921, inampa mtu mojawapo ya aina 16, kila moja ikiandikwa kwa herufi nne. Inaanzisha mazungumzo vizuri, lakini mtu akirudia anaweza kutoka na aina nyingine, na ukiwa na mkandarasi anayefoka, kujua herufi zake nne hakukuambii useme nini. DISC, inayotokana na nadharia ya William Marston ya mwaka 1928, iko karibu zaidi na mwenendo wa kazini na inakumbukika haraka. Shida ni kwamba haina mwenyewe mmoja: wachapishaji ni wengi na ubora unapishana sana, hivyo uliza ni ya nani na imethibitishwaje. Vipimo vya tabia kuu tano (Big Five) vina utafiti mzito nyuma yao kuliko hivi vyote. Vinaeleza mtu alivyo kwa mapana, ila vinakuachia wewe kazi ya kugeuza maelezo hayo kuwa hatua ya Jumatatu.

Cha Belbin, chenye majukumu tisa ya timu, kina jambo moja ambalo ningependa Thomas-Kilmann ingekuwa nalo: wenzako nao wanaweza kukuelezea. Mjuaji anayejiona mshirikishaji mkubwa ataendelea kujiona hivyo kwenye dodoso la kujieleza mwenyewe. Pengo hili unaweza kuliziba kidogo kwa kumwomba kila mtu, kabla ya kufungua majibu yake, abashiri ni njia gani wenzake wawili wangesema ndiyo yake ya kwanza, kisha awaulize.

Fedha zikitosha nakala chache tu, usizigawe kwa timu nzima, wala usimpelekee yule mmoja anayelalamikiwa na wote. Akipokea dodoso peke yake ataelewa mara moja ameshahukumiwa, na atajibu kama mtu anayejitetea. Nunua ya kwako, ya viongozi wa vitengo, na ya mtu anayezungumza na mteja kila siku. Mwenye malalamiko mengi aingie katika kundi hilo kwa cheo chake, pamoja na wengine, au asubiri mzunguko unaofuata.